Sekunde Kumi

Laptopu tuliipata Mwanjelwa, bawaba imelegea.
Ambakisye akaigawa tumbo:
huku Linux, hesabu za viazi vya mama;
huku Windows, lori lake la gemu.

Usiku wa Julai, Uyole,
baridi inang'ata hadi kucha,
yeye anashuka mlima wa kwenye kioo kwa gia ya pili,
mdomo ndio injini,
mimi vidole penye feni, naota moto.

Sasa ni utingo wa kweli. Yuko Tunduma,
foleni, siku ya nne.

Nawasha. Kioo cheusi kinauliza: wapi?
Kumi, tisa, nane...
Viazi visubiri.
Nashusha mshale.

Lori lipo palepale alipoliegesha,
taa zinawaka, mafuta robo.
Siligusi.
Nasogeza vidole penye feni,
naota.