Hakuna Hitilafu

Bibi Tyyne Salmela, ghorofa ya nne, Helsinki,
alikuwa kondakta wa tramu,
na hadi leo huwatazama watu
kana kwamba hawajakata tiketi.

Mwezi wa kumi na moja aliniita nimweleze
lile joto jipya linatoka wapi,
maana makaa ya mawe yamezimwa, kaona gazetini,
na rejeta yake bado inaunguza kiganja.

Nikavua viatu. Nikamweleza.
Chini ya mwamba, chini ya bustani wanapochezea watoto,
tumechonga ukumbi mkubwa kuliko kanisa.
Majitaka ya mji yanapita humo:
ya vyombo, ya nguo, ya mabafu,
yakiwa bado na uvuguvugu wa miili iliyoyaacha.
Pampu zinalikamua joto hilo
kama mama anavyoikamua nguo
ambayo mwanawe amekwisha kuikamua.
Maji yenyewe tunayasafisha, yanakwenda baharini yakiwa baridi.
Joto linarudi ghorofani kwa mabomba mengine, safi.
Haya na yale, nikasema, hayakutani hata siku moja.

Maji yakimwagika hayazoleki, kweli.
Joto lake ndilo tunalozoa.

Alinyamaza. Akakoroga kahawa isiyo na sukari.
"Na Armas Pulkki wa ghorofa ya tatu?
Naye anaoga?"
"Nadhani anaoga, bibi."
"Anaoga saa nzima. Namsikia. Anapiga mluzi.
Kwa hiyo mimi naota moto wa bafu la Armas."
"La watu malaki, bibi."
"Pamoja na Armas."
"Pamoja na Armas."

Jumba lao lina sauna moja, chini, karibu na baiskeli,
na karatasi ukutani: jina, siku, saa.
Alhamisi saa moja jioni ilikuwa yake na mumewe
kwa miaka thelathini na miwili.
Mumewe alipofariki alikaa wiki tatu bila kushuka,
na aliposhuka akakuta wino mpya: Pulkki.
Tangu hapo, miaka kumi na moja,
wakikutana mbele ya lifti, mmoja hupanda kwa ngazi.

Februari simu ikalia tena. Nje, hasi ishirini na mbili;
kope zangu ziligandana nikivuka barabara.
"Rejeta imepoa," alisema.
Niliigusa. Nikaweka kipimajoto katikati ya meza,
tukakaa kukikodolea macho
kama watu wanaosubiri taarifa ya habari.
Ishirini na moja. Kama jana, kama juzi.
"Basi hicho chako hakijui," alisema.
Halafu, akiangalia dirisha:
"Armas kavunjika nyonga. Barafu, pale mlangoni.
Leo siku ya tisa bomba halina mluzi."

Ningeweza kumpa hesabu.
Mashine zangu huona alfajiri, mji unapoamka kuoga,
huona usiku wa manane, mji unapolala.
Mtu mmoja hazimwoni.
Nikaandika kwenye fomu: Hakuna hitilafu.
Kalamu ikasita kidogo, kisha nikaweka nukta.

Mlangoni akaniuliza
kama hospitali nayo iko kwenye mabomba yetu.
"Iko, bibi. Wodi zote."
"Hata ya mifupa?"
"Hata ya mifupa."
Akatikisa kichwa, kama aliyekagua tiketi akaikuta halali,
akanifungia mlango kabla sijamaliza viatu.

Nilikuwa nimepiga goti pale koridoni,
kamba ya pili mkononi,
niliposikia bomba la bafu lake likifunguliwa
hadi mwisho,
saa nane mchana, siku ya Alhamisi,
na mtu asiyejua kupiga mluzi
akijaribu.