Gita Lenye Sufuria Tumboni

Usiku wa nne huu nimeizuia miguu.
Pedeli tatu zinaniangalia kutoka chini
kama mbwa wa jirani waliokatazwa kubweka.

Gita hili la kulala, la nyuzi kumi,
aliliacha mmisionari wa Kimetodisti
juma lile alipouza friji, baiskeli, hata mapazia;
nikalichukua kwa deni la nyumba niliyompakia rangi.
Sauti yake ni asali. Ukiidondosha haikatiki,
inavutika, inavutika,
mpaka unawakumbuka wanawake ambao hukuwahi kuwaposa.

Mimi sitaki asali.
Nataka sauti ya mjomba Tshimanga,
lile gita lake la bati lenye sufuria tumboni,
lililolia kama mtu anayekwangua ukoko wa bukari
huku anacheka.

Liliondoka naye mwaka ule wa kufukuzana.
Wiki sita walilala kituoni wakingoja behewa,
yeye, godoro, cherehani isiyo na kichwa,
na gita. Watu wanasema aliwapigia waliokuwa wakiharisha.
Mama alibaki Katuba kwa sababu baba alikuwa Msanga.
Treni ilifika. Mjomba hakufika.
Juu ya gita hakuna aliyeuliza.

Basi nilianza kwa kuzima mwangwi.
Mwangwi ni uongo wa kanisani, na chumba chetu
ni hatua nne kwa tatu, ndoo, meza, mtoto anayekohoa.
Nikakaza nyuzi kama zake: sol, si, re, na tena sol, si, re;
nne zilizozidi nikaziziba midomo kwa kitambaa cha kaptula.
Kucha za vidole nikazikata kwenye kopo la maziwa ya unga.
Nikahamia karibu kabisa na daraja,
pale uzi unapokuwa mgumu kama mshipa wa shingo ya mdai,
na kiganja nikakilaza hapo hapo
ili kila noti izaliwe, ipige chafya, izikwe.

Bado asali.
Ina mchanga sasa, lakini ni asali.

Nikaenda Njanja kwa fundi Mwape,
anayeyeyusha injini za pikipiki kuwa vyombo vya jikoni.
Nikamwimbia kwa mdomo. Akasikiliza, jasho likimdondokea makaa.
«Nyuzi zako hazina kosa,» akasema,
«ila hazina wa kubishana naye.»
Akanipa sufuria iliyomshinda, nene huku, karatasi kule.
Hakutaka pesa. Alitaka nije kumwambia.

Leo SNEL wametukumbuka, taa inawaka kwa woga.
Nimelaza spika chali,
nimefunika sufuria juu yake, misumari mitatu katikati,
nimeshika kile kipande cha chuma kwa mkono wa kushoto
na kuvuta wimbo wake wa Jumapili, ule usio na jina.

Bati likaamka.
Likakwaruza, likafoka, likaongea puani.
Mtoto akaacha kukohoa, labda kwa mshangao tu.
Mlangoni, mama Kapinga alikuwa anatwanga sombe.
Mwichi ukasimama.

Miaka thelathini hajamtaja.
Tulidhani amesahau, au tulimwombea asahau.

«Hapana,» akasema, bila kugeuka.
«Pale juu alikuwa anakosea.»

Nikanyamaza.

«Alikuwa anapapita.
Anateleza, anapita, kisha anarudi
kama mtu aliyeipita nyumba yake akiongea.
Kila Jumapili. Nilikuwa namcheka.»

Nami niliyepima misumari, kitambaa, unene wa bati,
kosa sikuwa nimeliweka.

Nikaanza upya. Miguu kimya.
Chuma kikapanda uzi wa kwanza, kikafika,
nikakiacha kiteleze, kipite kidogo nyumba.

Sikurudi mara moja.
Nje, mwichi ulikuwa bado hewani.