Kiganja

Saa tisa usiku baba anakanda unga,
nyuma ya kanisa, Basel, theluji mlangoni,
na chini ya aproni, juu kidogo ya nyonga,
figo ya shangazi Trudi inafanya kazi yake ugenini.
Saa mbili asubuhi anameza kidonge,
akikigeuza kwanza, kama mtu anayekagua risiti.
"Kinafanya nini huko ndani, Regula?"
Miaka sita ananiuliza. Miaka sita namjibu: "Kinatuliza."

Mimi nami naishi kwa hamira,
ila yangu haiumui kitu.
Niliipanda kwenye sahani zenye dawa ileile,
chembe milioni kumi, nikafunga kabati la joto.
Siku ya nne: uwanja mtupu,
na madoa kumi na moja, meupe, manene,
kama wageni waliogoma kutoka harusini.

Nikadhani ni mashujaa.
Nikawasoma jeni kwa jeni, sikuona ngao wala mkuki.
Walikuwa wamepoteza kitu tu:
protini moja ndogo, mfano wa kiganja.
Dawa ikibisha hodi, hakuna wa kuishika mkono,
na peke yake haifiki popote.
Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu;
hawa walipona
kwa kukosa wa kumkaribisha.

Sasa sikiliza, baba.
Nilichukua kiganja cha binadamu,
kile kilichomo katika damu yako na ya Trudi,
nikakitia ndani ya wale kumi na moja.
Kikaipokea dawa kana kwamba kimezaliwa humo,
wakaenda wawili, wakaizima ile amri
isemayo kua, gawanyika, kua.
Siku ya nne, safari hii, sahani tupu kabisa.
Hamira haikujua kwamba mkono ule ni wa mtu.

Hayo nilimweleza Jumapili, tumesimama, kwa kuwa viti vilijaa trei.
Hakusema kitu. Akafunua kitambaa,
akabonyeza donge kwa kidole gumba;
likabonyea, likarudi polepole.
"Basi miaka arobaini," akasema, "nawachoma ndugu zangu
kwa nyuzi mia mbili na thelathini."
Akacheka mpaka akashika ubavu.
Kisha akatazama saa,
akaanza kutafuta maji.