Wa Kumi

Mwaka wa tisini na moja, mahakama ya Opelousas,
kura kumi zilitosha kumfunga mtu maisha.
Wawili wakikataa, na wakatae;
sheria ya Louisiana haikuwangoja.
Siku moja na nusu chumbani, feni mbovu,
nami nina kuku anayeyeyuka jikoni
na mtoto wa kumchukua shuleni.
Tisa walikwisha kunyoosha mikono.
Nikanyoosha wangu.

Jumapili yake nikapokea mwili wa Bwana
kwa ulimi uleule.

Cordell Batiste. Miaka kumi na saba.
Suti ya mjomba wake ilimmeza vidole.
Kama alitenda au hakutenda,
sijui hadi leo.

Padre Fontenot alitangaza:
gari la parokia, kila Jumamosi ya pili,
nafasi mbili zi wazi.
Mwaka mzima nilitazama viatu vyangu.

Barabara inapita kati ya soya, kisha bamia,
kisha watu na majembe, mstari mrefu,
na mlinzi juu ya farasi.
Nikadhani naota mambo ya bibi yangu.
"Ni wengi," nikasema.
Dereva hakugeuka: "Hao ni wa zamu ya asubuhi tu."

Alinijua kabla sijaketi.
"Koti la kijani," akasema.
"Kiti cha pili kutoka dirishani."
Sasa ana hamsini na moja, na meno machache kuniliko.

Maneno niliyoyakariri tangu darajani
yakanikauka. Akasema yeye:
"Sikuambiwa kamwe wawili waliokataa ni akina nani.
Wakili wangu naye akafa.
Basi kila usiku nawaombea wote kumi na wawili,
kila mmoja kama ndiye."

Miaka thelathini na minne.
Kila usiku.
Mimi, kama ndiye.

"Mimi ni wa kumi," nikamwambia.

Akaizungusha pakiti ya biskuti za karanga
juu ya meza iliyopigiliwa misumari sakafuni.
Akaizungusha tena.

Ndipo kengele ikalia. Hesabu.
Saa ya hesabu haingii mtu, hatoki mtu.
Wakasimama, kila mmoja nyuma ya kiti chake,
mlinzi akipita, akidonoa hewa kwa kalamu.
Nasi tukadonolewa: "Wageni kumi na mmoja."
Redio ikakoroma: hesabu haikubali,
mmoja amepungua. Wakaanza upya.

Nikamkumbuka yule mwingine anayehesabu,
wa kondoo, kule mlimani.
Kuhesabu ni kulekule, moja, mbili,
mpaka ufike kwa asiyekuwapo:
hapo huyu hushika bunduki,
yule hushika njia, usiku, peke yake.
Na mimi siku ile ya feni mbovu
nilihesabu nini? Saa. Kuku.
Mikono ya wenzangu.

Mara ya tatu hesabu ikatimia.
Aliyepungua alikuwa mzee wa zahanati,
amelala chini ya kitanda, kwenye saruji, kutafuta baridi.

Cordell akaketi taratibu, akishikilia meza;
vifundo vya miguu vilikuwa vimemvimba.
Akaipasua pakiti kwa yale meno.
Zilikuwa sita.
Akasukuma tatu upande wangu.
"Kula," akasema, "gari litakuacha."