Kumbukumbu za Kikao: Shimo la Saba

Mimi ndiye mwandishi. Wao ndio wasemaji.
Klabu ya Gofu, Wete, Jumamosi, saa nne na robo.
Waliohudhuria kumi na mmoja, wenye udhuru wawili,
feni moja, na mvua ya vuli juu ya mabati.

Ajenda ya tatu: shimo la saba.

Mwenyekiti, Bwana Mbarouk, akakunjua ramani ya mwekezaji:
bwawa lichimbwe penye mchanga,
grini isukumwe nyuma hatua sitini,
kwani mipira ya leo, alisema, hairuki, inahama,
na kwa fimbo hizi mpya uwanja wa mababu
umekuwa kanzu ya mtoto aliyebaleghe.

Daktari Asya akaleta habari ya madrasa nyuma ya ua:
vioo vinne mwaka huu, na chano cha visheti.
Mweka hazina akasema wageni wanataka picha;
mchanga wameshauona pwani, bure.
Hamad Jabu akasema kila mwenyekiti
hutaka kuacha shimo lenye jina lake.
(Wakacheka. Hilo sikuliandika.)

Ndipo akasimama Mwalimu Sharifu Kombo
na karatasi iliyoliwa na mende pembeni:
mchoro wa yule bwana shauri wa kwanza,
ambaye Wete nzima ilimwita Pendaburi.
"Tazameni! Grini yake ilikuwa na umbo la korosho.
Nani kaifanya sahani?
Mwacha asili ni mtumwa, jamani. Turudi kwenye mchoro."

Kalamu yangu ilisita hapo.

Aliyeifanya sahani namjua. Ni Shaame Faki, baba yangu,
aliyesukuma mashine ya majani miaka thelathini na mmoja.
Mashine haikupenda kona, na petroli ilikuwa ya mgao,
basi kila msimu aliacha upana wa shubiri,
shubiri huku, shubiri kule,
hata korosho ikaviringika.
Hakuna kikao kilichokaa. Hakuna aliyenyoosha mkono.

Na shimo la mchanga? Masika moja lilijaa tope likafukiwa.
Baba akachimba jengine
pale jembe lilipokuta udongo laini,
hatua kumi na mbili kutoka lilipokuwa.
Ndilo hilo wanaloliita "la asili"
na kulisimulia kwa wageni, kofia mkononi.

Tena nyanya yangu alikuwa akinionesha, kiangazi kikikaza,
mstari wa majani ya manjano
unaokata grini ya saba kama kovu la kisu:
njia ya wanawake kwenda kisimani.
Kando yake, bondeni, majaruba ya mpunga ya Bimize binti Hamadi,
aliyelipwa doti mbili za kanga
na kuambiwa kwamba mpira ni mdogo,
hautachukua nafasi kubwa.

Asili. Nimeliandika neno hili mara saba leo
na kila mara linanitazama kama mtu
anayengoja nimtaje baba yake.

Kura zikapigwa. Sita kwa tano: bwawa lichimbwe.
Mwalimu akaikunja karatasi yake polepole,
kwa mikunjo ileile ya zamani,
na mimi, nisiye na kura, nikamwonea huruma
zaidi ya nilivyotaraji.

Dirishani maji ya mvua yalikuwa yameshafika pale,
bila ramani, bila mwekezaji,
yametuama bondeni, mraba kwa mraba,
kama yaliyokuwa yakipangiwa matuta.
Vyangwa wawili wakatua, wakaanza kudonoa.

"Umeyaandika yote, Riziki?"
Nikajibu: nimeyaandika yaliyosemwa.

Kikao kilifungwa saa sita na nusu kwa adhana.
Chai haikutosha.