Maandishi Madogo Kando ya Mlango

Ukija Duluth mwezi wa Januari
utaingia ndegeni kwa daraja la bati,
na pale daraja linapokoma, kabla ya kizingiti,
pana upenyo wa vidole vinne
ambao baridi ya ziwa imeufanya mlango wake binafsi.
Inamisha kichwa hapo. Tazama ubavuni,
chini ya nembo kubwa, juu ya doa la mafuta:
maandishi madogo, kimo cha punje ya mahindi,
yanataja jina letu.
Watu huyapita kama wanavyolipita jina la mshonaji
ndani ya ukosi wa shati.

Tikiti yako ina jina la wakubwa.
Rangi ya mkiani ni ya wakubwa.
Leso za karatasi, biskuti mbilimbili,
hata tabasamu langu lina kurasa zake
katika kitabu chao cha mafunzo, sura ya sita.
Ila marubani wawili kule mbele, na mimi,
na injini, na deni la injini,
ni mali ya kampuni yenye ofisi
juu ya duka la magodoro, mji mwingine kabisa.

Nguo ya kuazima haisitiri matako, walisema.
Yangu imenikaa barabara:
vifungo vya fedha, skafu ya buluu,
na mfukoni ya pili, nyekundu,
kwa siku tunazowarukia wale wengine.
Jumanne buluu. Ijumaa nyekundu.
Siku moja nilichanganya,
nikawakaribisha watu hamsini kwa jina la mshindani,
naye Kapteni Halvorsen akaangua kicheko
bila kukumbuka kwamba mnara unamsikia.

Wakubwa hawatulipi kwa kichwa.
Hulipa kwa safari: tujae pomoni,
au turuke na watu tisa na jeneza moja,
fungu ni lile lile.
Na saa yangu mimi huanza mlango ukifungwa.
Kabla ya hapo, begi lisiloingia kabatini,
mtoto aliyetapika, ajuza anayetafuta miwani
iliyo juu ya paji la uso wake,
vyote hivyo ni sadaka.

Jana gari la kuyeyusha barafu lilikwama.
Dakika sabini. Bwana Niemi, kiti cha tatu C,
alikuwa na mazishi Chicago, si mkutano, mazishi.
"Nitawaandikia!" akasema, kidole kikitetemeka.
Nikampa anwani. Nikampa na maji.
Sikumwambia kwamba atajibiwa kwa upole mwingi
kwamba ndege ile, kwa bahati mbaya, haikuwa yao.
Tukitua kwa wakati, wamefika wao.
Tukichelewa, tumechelewa sisi.

Machi mkataba unakwisha.
Moja ya ndege zetu imeshapelekwa kubanduliwa rangi,
na Thao, rubani msaidizi, alipiga picha:
chini ya nyekundu kulikuwa na buluu,
chini ya buluu, kijani cha shirika
lililokufa kabla sijaijua nchi hii,
kisha bati tupu, kijivu,
kama samaki aliyeparwa magamba.
Nimeitazama picha ile mara nyingi kuliko inavyostahili.

Kule Uvira, mama huwaambia wanakwaya wenzake
kwamba Mapendo yuko kwa wakubwa.
Huwaonyesha picha yangu, nyuma yangu mkia umejaa.
Sijawahi kumsahihisha.
Nianzie wapi? Jina refu namna ile,
na mtandao wenyewe wa kukatikakatika.

Lakini alfajiri, abiria wakiwa bado foleni ya kahawa,
hupenyeza mkono pale penye upenyo
nikafuta barafu kwa glavu
herufi kwa herufi, mpaka tusomeke.
Hakuna aliyenituma.
Mlango bado uko wazi,
kwa hiyo hilo nalo halilipwi.