Jibu kwa Bi Harieti Pepakoni

Barua yako imefika Wete Jumatano.
Imepitia kwa sheha, kwa mwalimu Asaa, dukani kwa Hamadi Shoka,
ikanifikia imeshafunguliwa, inanukia vitumbua.
Usikasirike. Ukiwa na jina lako, hapa, wewe ni wa mtaa mzima.

Unauliza jina hili tumelipata wapi.
Unasema huko kwenu mmebaki wa kuhesabika,
umezunguka makanisa ukisoma makaburi
na walio hai hawakutimia timu ya mpira.
Unasema maana yake ni punje ya pilipili manga:
pengine mzee wenu wa kwanza aliuza viungo,
pengine alikuwa mfupi, mkavu, mkali,
watu wakamtania, na mzaha ukaota mizizi.

Ya kwenu ni hayo.

Huku, mwaka karafuu ilipozaa hata matanzu yakakatika,
alikuja Bwana Pepakoni, mkaguzi,
soksi mpaka magotini,
akitia mkono guniani hadi kiwikoni
kutafuta makonyo na mchanga.
Babu yangu Feruzi ndiye aliyemshikia mizani.
Siku ya kuandikisha wafanyakazi
karani aliuliza: Jina?
Feruzi.
Bin nani?

Babu akatazama majamvi.
Wenziwe walikwishapita: bin Khatoro, bin Mshindo,
bin Kheri bin Ngwali bin Shaame,
kila mmoja na kamba yake ya mababa.
Yeye aliletwa kisiwani mdogo, chini ya makuti, usiku,
na jina alilokuja nalo halikuvuka.
Feruzi ni kito. Alipewa na aliyemnunua.

Foleni ndefu, wino unakauka.
Karani akasema: Haya, unamfanyia kazi nani?
Akaandika alichojibiwa.
Basi. Hiyo ndiyo asili.

Damu hakuna, Bi Harieti.
Uliliuliza kwa adabu, kwa kuzunguka, nimeliona.
Bwana wenu aliacha hapa mwavuli mmoja
na neno hilo daftarini.

Tena usidhani lilitukaa vyema.
Skuli tuliitwa Pilipili, kaka yangu Sadalla
alitoka jino kwa ajili yake.
Posa yangu ya kwanza ilirudi:
Hawa ni watu gani, wana jina la kopo?
Kwenye vitambulisho limeandikwa namna nne,
na ya tano iko juu ya kaburi la baba, fundi alipokosa nafasi: PEPAKO.
Lakini tumezaa. Tuko arubaini na mmoja,
Limbani hadi Kangagani, mmoja Maskati.
Yuko Pepakoni fundi cherehani, Pepakoni kipa wa Utaani,
na juzi kazaliwa mapacha, wote wa kike, wote wanapiga kelele.
Kama jina lenu linakufa huko, poleni.
Huku linanyonya.

Sasa lile ulilotia mwishoni, kama kichekesho:
kwamba zamani kwenu mtu aliweza kukaa shamba la mwenziwe
kwa kodi ya punje moja ya pilipili kwa mwaka,
ili isemwe tu kwamba kalipa.
Hapo niliweka barua chini.
Nikaenda jikoni, nikasahau nilichofuata.
Babu alinunuliwa kwa bei isiyoandikwa popote.
Alipoandikwa, aliandikwa punje.
Hakulijua hilo. Alilitamka kwa nguvu, kifua mbele,
hata msikitini, hata alipougua:
Feruzi Pepakoni, mimi,
kama mtu anayegonga mlango wa nyumba yake.

Nyuma ya choo changu mpilipili manga umepanda mfenesi.
Nimechuma, nimeanika siku tatu.
Ukitikisa bahasha utasikia kitu kikizunguka.
Usikitie kwenye mchuzi. Ni kodi.
Miaka tisini tumelikalia jina lenu,
tusije tukadaiwa.

Posta wakiitoboa ikaanguka, niandikie.
Nitatuma nyingine.